Nyuki wa Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, Sista alianza kazi yake kwa kusikiliza nyuki.

Ndivyo wagonjwa wenyewe walivyouita ule mshipa. Mtu ambaye figo zake zimekufa huunganishwa mishipa miwili ya mkono ili upatikane mmoja mnene, unaoweza kuchomwa sindano za mashine ya kusafisha damu wiki nenda, wiki rudi. Mshipa huo ukiwa mzima, damu hupita kwa kasi ikavuma. Ukiugusa unatetemeka, ukiuwekea sikio unasikia mvumo wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Siku ukinyamaza, umekufa, na mwenye mkono anarudi mwanzo wa mateso. Utafiti uliokuwa unafanywa katika hospitali hiyo ulitaka kujua kwa nini nyuki wa wagonjwa wa kisukari hunyamaza mapema kuliko wa wengine, na Sista ndiye aliyeajiriwa kuwasikiliza.

"Leo nyuki wangu anasemaje?" aliuliza mzee wa kiti cha karibu na mlango. Wote walimwita Barafu, kwa sababu maji alikatazwa, akagundua barafu.

"Anasema jana umekunywa maji, babu."

"Mchonganishi mkubwa huyo! Nilifyonza barafu tu."

"Na barafu ni nini?"

"Barafu ni barafu, maji ni maji. Nyinyi mliosoma ndio mnaochanganya mambo."

Chumba kizima kikacheka. Sista naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa yameshatangulia hadi kiti cha mwisho, cha dirishani, alikokaa Fundi. Alijizuia kumwendea moja kwa moja. Alipita kwa mwalimu mstaafu, akapita kwa mama muuza vitambaa, akawasikiliza wote kwa subira, huku moyo ukimwenda mbio kama wa msichana anayesubiri jina lake liitwe shuleni. Ilikuwa hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi alijionea aibu, na kila asubuhi aliipenda aibu hiyo.

Fundi alikuwa fundi saa asiyeweza kuvaa saa kama watu wengine. Mkono wa kushoto ulikuwa wa nyuki: haufungwi kamba, haubebi mzigo, haupimwi presha, haulaliwi. Basi saa yake aliivaa kulia. Na ni saa iliyowakutanisha. Siku moja, akiwa amelazwa kwenye kiti na damu yake inazunguka kwenye mipira, aliitazama saa ndogo iliyobanwa kifuani kwa Sista akamwambia, "Sista, saa yako imekufa na wewe unaendelea kuitembeza. Nipe nikuamshie." Akamwamshia. Sista akaanza kutafuta saa nyingine mbovu za kumpelekea, na zilipokwisha nyumbani kwao, akawa anakwenda dukani kwake bila saa.

Mtumishi wa utafiti haruhusiwi kuwa na uhusiano na mgonjwa anayemfuatilia. Sista aliikubali sheria hiyo kwa saini yake. "Utafiti ukiisha tutatangaza," walikuwa wakiambiana, kama watu wawili waliojificha mvua chini ya upenu mmoja.

Leo alimfikia, akainama, akamwona Fundi ameshusha mkono wa shati mpaka kwenye kifundo.

"Pandisha mkono wa shati, Fundi."

"Leo usinisikilize. Andika tu ni mzima."

"Pandisha."

Akapandisha. Sista akaweka stetoskopu chini ya kiwiko, mahali alipopajua kuliko anavyokijua kiganja chake mwenyewe. Hakusikia kitu. Akaivua, akaifuta kwa upindo wa sare, akaivaa tena. Akaisogeza juu, akaishusha. Akaacha kifaa, akaweka vidole vitupu. Mshipa ulikuwa pale, mgumu na mtulivu kama kamba ya kuanikia nguo. Damu ilikuwa imeganda ndani yake.

"Tangu lini?" alinong'ona.

"Tangu jana jioni."

Jana. Akashika ukingo wa kiti. Jana alitoka zamu mbili mfululizo akaenda dukani moja kwa moja, akapita nyuma ya pazia, kwenye kochi kuukuu lililozungukwa na saa za ukutani, kila moja ikisema lake. Fundi alimwambia njoo upumzike kidogo. Alilaza kichwa begani kwake akiwa anasimulia jambo, wala hakulimaliza. Alipozinduka jua lilikuwa limehama dirisha. Kichwa chake kilikuwa kimeteleza mpaka kwenye kiwiko cha kushoto, na mikunjo ya shati ilikuwa imemchora shavuni. Fundi alikuwa anajinyoosha vidole. "Ganzi tu," alisema. Na yeye, aliyewafundisha wagonjwa wote wa chumba hiki kwamba mkono wa nyuki haulaliwi hata na mto, aliamini ni ganzi tu, kwa sababu ndivyo alivyotaka iwe.

"Ulikuwa macho," alisema.

"Sista, watu wanatuangalia."

"Mkono ulipoanza kufa ganzi. Ulikuwa macho au ulikuwa umelala?"

Fundi alitazama dirishani. "Nilikuwa macho."

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa unakoroma."

"Fundi!"

"Kidogo tu. Kama saa ya ukutani inayojiandaa kupiga." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamkatalia. "Tangu nikujue unalala kama mtu anayengoja kuitwa. Jana ulilala kama mtu aliye kwake. Nikasema, acha alale. Nikasema dakika moja tu, kisha nyingine."

"Nani alikwambia nataka zawadi ya namna hiyo?" Machozi yalimjaa, lakini yalikuwa ya hasira. "Huo ndio mkono uliokuwa unakuweka hai! Ungenisukuma. Ungenipiga kofi. Umenifanya muuaji nikiwa usingizini, halafu unaniambia nilikuwa nakoroma?"

"Shusha sauti."

"Sishushi."

Lakini alishusha, kwa sababu mlango ulifunguka na Daktari Mkuu wa utafiti akaingia. Alikuwa mama mwembamba, mpole wa sauti, na upole huo ndio uliowatisha watu. Nyuma yake alikuja dada yake Fundi, mshonaji wa sare za shule, na utepe wake wa kupimia ukiwa shingoni kama kawaida, maana aliusahau hapo hata akienda msibani.

Dada huyu ndiye aliyemlea Fundi baada ya wazazi kufariki. Ndiye pia aliyekuwa amepimwa na kuonekana figo yake inamfaa ndugu yake. Kilichobaki ni jopo la madaktari kukaa na kukubali, na jopo lilikuwa linakutana kesho kutwa. Siku moja, katika kujisahau, Sista alimwita wifi. Alijibiwa, "Usiniite wifi. Wifi huingia kwa mlango wa mbele, akapokewa. Wewe nakuona kwenye vichochoro tu."

Daktari Mkuu aliuona uso wa Sista kabla ya kuuona mkono. Akaweka vidole vyake mwenyewe, akangoja, akaviondoa.

"Umeufanyia nini mkono huu?"

"Niliulalia, Daktari," alisema Fundi bila kusita. "Jana. Usingizi ulinipitia."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa vizuri sana. Ni uzembe wangu."

Daktari alishusha pumzi. "Daktari wa upasuaji atautazama, lakini sina matumaini. Leo utawekewa mpira shingoni tuweze kukusafisha damu." Kisha akamgeukia dada. "Kuna jambo jingine, mama, na sipendi kulificha. Jopo huuliza kwanza kama mgonjwa anajitunza. Hawatakubali kumpasua mtu mzima kama wewe, watoe figo, wampe mtu anayelalia mkono wake mwenyewe."

"Lakini ni bahati mbaya, Daktari!"

"Kwa jopo hakuna bahati mbaya. Kuna anayefuata masharti na asiyefuata. Nitalazimika kuwaambia alichoniambia."

Dada alimtazama mdogo wake, mdomo wazi. "Wewe? Wewe unayelala na mto katikati ya mkono na ukuta? Unayenikataza hata kukushika nikikusalimia?"

Fundi aligeuza macho. Alikuwa anamtazama Sista. Wala si kumtazama kwa kawaida, alikuwa anamsihi. Macho yale, ambayo yalizoea kuona vijigurudumu vidogo kuliko mchele, yalisema waziwazi: nyamaza, kazi yako itabaki, mimi nitabaki, tutapata njia nyingine. Na kichwa chake kikatikisika kidogo, hapana.

Sista akanyamaza. Alinyamaza Daktari alipogeuka, alinyamaza dada alipomfuata akifuta jasho kwa ncha ya utepe. Alikaa na ukimya huo mdomoni mpaka ukamchoma, kwa sababu alijua njia nyingine haipo. Mpira wa shingoni huingiza maradhi; aliwaona mwenyewe waliobaki nao, na vitini mwao sasa walikaa watu wengine. Akauondoa mkono wa Fundi begani kwake kwa upole, maana alikuwa ameishika sare yake.

"Usiende," Fundi alisema. "Sista, nakuomba."

Akaenda.

Ofisi ya Daktari Mkuu ilikuwa ndogo, na viti viwili, na feni iliyokuwa inazunguka bila kuleta upepo. Dada alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti kama aliyekuja kushtakiwa.

"Daktari," Sista alisema akiwa bado mlangoni, "aliyeulalia mkono ule ni mimi."

Feni ikazunguka. Daktari akavua miwani.

"Funga mlango. Rudia."

"Nilikuwa nimepumzika dukani kwake. Nililala nikauegemea mkono. Yeye hakufanya kosa. Amesema vile kunilinda."

"Umepumzika dukani kwake."

"Tunapendana, Daktari."

Dada alitoa sauti fulani, si neno. Daktari hakumtazama. "Na yeye wakati huo alikuwa macho?"

Swali lilikuwa moja tu, na jibu la kweli lingemrudisha Fundi kulekule Sista alikokuwa anamtoa.

"Alikuwa amelala fofofo," alisema. "Asingeweza kujua."

Daktari Mkuu alirudisha miwani usoni. Huenda aliamini. Huenda aliamua kuamini. "Wewe ndiye uliyewafundisha wote pale ndani," alisema taratibu. "Nimekusikia kwa masikio yangu ukiwaambia."

"Mimi ndiye."

"Na sheria ya utafiti unaijua."

"Naijua."

"Basi sina la kuongeza. Jopo nitaliambia kosa ni la mtumishi wetu, mgonjwa hana hatia. Wewe leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa." Alisimama, akachukua koti lake, na alipofika mlangoni akasita. "Ulikuwa na masikio mazuri kuliko wote niliowahi kuwa nao," alisema, akatoka kwenda kumtafuta daktari wa upasuaji.

Wakabaki wawili. Sista alitarajia matusi, hata kofi, na kwa kweli angelipokea kwa shukrani. Dada alikuwa anauviringisha utepe kidoleni, anauviringua.

"Unampenda?"

"Nampenda, dada."

"Mimi nilimbeba mgongoni nikiwa mwenyewe ni mtoto. Sukari ilipompata nilikula chakula kisicho na ladha pamoja naye, ili asijione peke yake. Sikuolewa kwa ajili yake, na sikulalamika. Mchumba aliposema chagua, nilimwonyesha mlango." Aliinua macho, yalikuwa makavu. "Sasa nimesikia unampenda. Upendo wako umeshamla mkono."

"Dada, nisamehe."

"Nimekusamehe, sitaki dhambi. Lakini nisikilize. Figo nitatoa. Ila sitatoa kipande cha mwili wangu kikashonwe ndani yake, halafu wewe uje ukiwekee kichwa chako juu."

Sista akashika mgongo wa kiti cha Daktari.

"Na usimwambie kwamba nimesema hivi," dada aliendelea. "Namjua. Atasema basi figo yenyewe siitaki, na hatashauriwa na mtu. Uondoke mwenyewe, kwa mdomo wako, leo hii kabla hajapata nguvu ya kubishana."

"Nimwambie nini?"

"Hilo utajua mwenyewe. Mmeweza kuificha hospitali nzima siku zote hizi, hamshindwi na neno moja."

Angeweza kukataa. Njia nzima ya kurudi kwenye chumba cha mashine alijiambia kwamba angeweza kukataa, kwamba mwanamke yule asingethubutu kumwacha ndugu yake afe. Lakini aliyaona yale macho makavu. Mtu aliyewahi kumwonyesha mchumba mlango angeweza kuuonyesha tena. Na hata kama uwezekano ulikuwa mdogo, Sista hakuwa na haki ya kucheza nao. Alishacheza jana, akiwa amefumba macho.

Fundi alikuwa amekaa wima, akimngoja.

"Umewaambia," alisema.

"Nimewaambia. Jopo halitakulaumu. Nimesema ulikuwa umelala, na wewe ukiulizwa useme hivyohivyo."

"Wamekufukuza?"

"Ndiyo."

Alitarajia huzuni, lakini uso wa Fundi ulifunguka kama dirisha. Akamshika kiganja mbele ya watu wote, mbele ya Barafu aliyekuwa amejifanya kasinzia.

"Basi hakuna tena sheria," alisema haraka haraka, kwa kunong'ona. "Huoni? Hakuna cha kungoja utafiti uishe. Tutangaze leo. Dada atafoka wiki moja, namjua, atafoka na cherehani yake. Kisha utamkuta anakuzungushia utepe kiunoni, anakupima gauni la harusi huku amenuna. Nitapata figo, nitafungua duka asubuhi mpaka jioni, na wewe utalala kwenye kochi lile hata mchana kutwa. Kulia kwangu, lakini! Kuanzia leo unalala kulia."

Kila neno lilikuwa tamu, na kila neno lilimkata. Angempa kidole. Angempa figo zake zote mbili na asingeona hasara. Akakitoa kiganja chake.

"Fundi, sikiliza. Mama yangu aliniambia mwanzoni kabisa. Alisema, nimekuzaa uolewe na mtu, si na mashine."

"Mama yako hajanifahamu bado."

"Aliniambia nitachoka. Nikambishia." Alijilazimisha kumtazama usoni, kwa sababu alijua akitazama chini atashindwa. "Jana niliua mkono wako kwa kulala tu. Siwezi kuishi hivyo, kila siku naogopa nitakaa wapi, nitaegemea wapi. Nimechoka. Nataka mtu mzima. Nataka mtu nitakayemlalia nisimuue."

Akangoja. Sasa atasema ni uongo, aliwaza. Huyu mtu husikia saa inachelewa akiwa upande wa pili wa barabara. Atasikia na hili. Atanishika anitikise mpaka ukweli unitoke. Aliomba asisikie, na papo hapo, kwa nguvu zote za moyo wake, aliomba asikie.

Fundi aliegemea kiti taratibu.

"Haya," alisema.

"Haya nini?"

"Nilikuwa najiuliza itakuwa siku gani." Sauti yake haikuwa na ugomvi hata kidogo. "Kila ulipokuwa unakuja dukani, kabla hujavuta pazia, nilikuwa najiambia, leo hatakuja. Ukija, nasema basi ni kesho. Hukukosea kitu, Sista. Mtu kama mimi mwenye akili zake hukaa tayari."

Hakuwa hata ameshangaa. Mapenzi yao yote, zile jioni za nyuma ya pazia, ule usingizi wenyewe, yeye alivipokea kama mtu aliyepewa kitu cha kuazima. Sista alitamani kupiga kelele, wewe mjinga, jana ulitoa mkono wako nilale, leo huwezi kutoa hata neno moja kunibishia? Lakini huo ndio ulikuwa ushindi wake, na ilibidi aubebe.

"Ugua pole, Fundi."

"Saa yako ikisimama," alisema akiwa ameshageukia dirishani, "mpelekee fundi mtaratibu. Mwambie asikaze sana, springi yake ni laini."

Mlangoni alipishana na dada, aliyekuwa amesimama hapo kitambo na kusikia yote. Safari hii macho ya dada hayakuwa makavu. Aliinua mkono, ukaishia njiani.

"Wifi," alisema.

Sista alikuwa amelisubiri neno hilo kwa hamu ya miezi mingi, na sasa alipolipata hakuwa na pa kuliweka. Akapita.

"Wewe Sista!" ilikuwa sauti ya Barafu kutoka nyuma. "Ndiyo nini hiyo? Unaondoka na kifaa cha watu shingoni?"

Kweli, stetoskopu ilikuwa bado inamning'inia. Hakuna aliyepata ujasiri wa kumvua. Akarudi, akaanza kuitoa shingoni aikabidhi.

"Hebu kwanza," mzee alimzuia, na hakuwa anatania tena. Alikuwa ameona kila kitu kwa jicho moja lililobaki wazi. Akamnyooshea mkono wake mkavu, wenye makovu ya sindano. "Asubuhi ulisikiliza haraka haraka, akili yako iko dirishani. Nisikilize vizuri kabla hujaenda."

Sista alipiga magoti kando ya kiti. Akaweka masikioni, akaweka mkononi. Ukavuma. Ukavuma kwa nguvu, kwa fujo, bila adabu, mvumo uleule aliokuwa akiusikia kwa Fundi kila akiegemea karibu, ukimwambia kwamba bado yupo. Akainamisha kichwa machozi yasionekane, yakamdondokea mzee kwenye kiganja.

"Anasemaje?" Barafu aliuliza.

"Yuko hai, babu," alisema, wala hakuinuka. "Yuko hai kabisa."